Uzi: Nina usonji na ninaendesha semi Dar – Lubumbashi. Ulizeni, niko kwenye foleni

#1 TelaTupu (mwenye uzi)

Wakuu, salaam.

Niko Tunduma, mpakani na Zambia, siku ya tatu. Kichwa cha gari kinaangalia Nakonde, tela limeelekea Mpemba, na foleni imelala. Wiki iliyopita kuna mtu aliuliza humu kama mtu mwenye usonji (autism) anaweza kupewa lori. Majibu yalijaa kurasa nne, na karibu wote waliojibu hawana usonji wala hawajawahi kushika usukani wa lori. Mimi nina vyote viwili. Uzi ni mrefu. Asiyependa marefu nimeshamwashia indiketa ya kushoto, apite.

Nina miaka 36, mzaliwa wa Makambako. Nyumba yetu ilikuwa jirani na pale barabara ya Songea inapoachana na ya Mbeya. Wenzangu walicheza chandimu, mimi nilikaa juu ya jiwe na kauntabuku nikiandika namba za malori. Kila lori na namba yake, rangi ya kichwa, idadi ya ekseli, limepita saa ngapi. Nilijua kwa mlio kama inayokuja ni Scania au Fiat kabla haijatokea. Bibi alisema nimechezewa, nikapelekwa kwa mtu, nikachanjwa, nikarudi kwenye jiwe langu.

Usonji nimeujua ukubwani. Mtoto wa dada yangu alifika miaka 4 bila kusema sentensi nzima, akapelekwa kliniki Dar, mimi nikawasindikiza. Daktari anamuuliza dada: anapanga vitu mstari? Anaziba masikio kukiwa na kelele? Analia mkibadilisha njia ya kwenda nyumbani? Kila swali dada anajibu huku ananiangalia mimi. Mwisho daktari naye akaanza kuniangalia. Nilirudi mwenyewe mara tatu, nikahojiwa, mama akapigiwa simu akaulizwa habari za utoto wangu. Nilikuwa na miaka 29. Siku nilipoambiwa sikulia wala sikufurahi. Nilipitia dukani nikanunua kauntabuku mpya.

Wakati huo nilikuwa nimeshafukuzwa kazi mbili za stoo. Ya kwanza, bosi alimwambia mteja kuna katoni 40, mimi nikasema palepale kuwa ziko 31. Ya pili ni kisa kilekile, tofauti bidhaa.

Nakuja na sehemu ya pili, ngoja ninunue maji.

#2 Kiboko wa Mlandizi

Naweka kambi hapa. Mimi nilidhani usonji ni wale watoto wasioongea. Kumbe mtu mzima na tani 50? Endelea mkuu.

#3 Mama Wawili

Nafuatilia. Nina sababu yangu, nitaisema baadaye.

#4 TelaTupu

Nimerudi. Foleni imesogea magari mawili.

Nilianza na leseni daraja D, kagari ka mjomba ka kupeleka mchele sokoni. Nikakaa nako hadi nikaenda chuo kusomea magari makubwa, nikafanya mtihani, nikapata daraja E. Wengi wananiuliza faragha kuhusu mtihani. Mtihani haukunisumbua hata kidogo, kwa sababu una maswali na kila swali lina jibu lake. Dunia nzima ingekuwa hivyo ningekuwa waziri.

Kilichonitesa ni uwanja wa mazoezi. Kurudisha semi nyuma kila dereva anajua: mkia ukitaka uende kulia, usukani unaanzia kushoto, kisha unaufuata kabla tela halijakunja sana. Mwalimu wetu alikuwa mtu mzuri ila anafundisha kwa sauti. "Kata! Kata! Kata bwana! Rudisha!" Kata wapi, kiasi gani, rudisha nini, hasemi. Kelele zikizidi kichwa changu hakipokei tena maneno, napokea sauti tu kama redio isiyoshika stesheni. Nikagonga mapipa wiki nzima. Darasa linacheka.

Siku moja nikamfuata akiwa peke yake, nikamwomba anichoree. Akanitazama, akachukua kijiti, akachora mchangani: kichwa hiki, tela hili, hapa ndipo vinaposhikana, ukisogeza hiki nyuzi hizi kile kinakwenda hivi. Dakika kumi. Jioni hiyohiyo niliingiza semi katikati ya mapipa mara tano mfululizo. Hakunifokea tena, na nasikia siku hizi anawachorea wanafunzi wote.

Baada ya leseni hakuna anayekupa semi. Nikawa utingo miaka miwili chini ya mzee mmoja, humu nitamwita Babu. Yeye ndiye mtu wa kwanza kazini niliyemwambia nina usonji. Akauliza, "Unaanguka?" Nikasema hapana. "Unalala ovyo?" Hapana. "Unaiba mafuta?" Hapana. Akasema, "Basi panda."

Babu alinifundisha vitu ambavyo chuo walivitaja harakaharaka. Gia uliyopandia mlima ndiyo ya kushukia. Mguu kwenye breki ni akiba, mashine yenyewe ndiyo ikushikilie, maana breki za tela zikipata moto unakanyaga na hakuna kinachoshika. Kila asubuhi fungua matangi ya upepo utoe maji. Na matairi: unayazungukia yote na rungu la chuma, unagonga moja moja. Tairi lenye upepo linarudisha rungu na linalia. Lisilo na upepo linasema "du" na kunyamaza. Kwenye yale yanayokaa mawili mawili, la ndani likiwa limeisha macho hayaoni, mwenzake anabeba mzigo wote, yanasuguana yanapata moto, na huko ndiko malori mengi yanakowakia. Babu kwa umri wake alikuwa hasikii tena vizuri. Mimi nilikuwa nasikia hata lililopungua kidogo tu. Masikio haya haya yaliyonifanya nikimbie harusini.

Barabarani nako kuna lugha, na hii ndiyo lugha ya kwanza maishani niliyoielewa yote. Lori lililo mbele likiwasha kushoto, njia ni nyeupe, pita. Likiwasha kulia, usithubutu, kuna kitu kinakuja. Anayekuja akikupiga taa mbili, mbele kuna tochi ya polisi ya kupima mwendo. Ukikuta majani ya mti yametupwa lami, punguza, kuna gari limekufa baada ya kona. Hakuna anayewasha kushoto akimaanisha kulia ili asikuudhi. Niliandika zote kwenye kauntabuku, zikafika 43. Babu aliposoma alisema miaka 30 barabarani hakujua kama anajua vitu 43.

#5 Bwana Pingamizi

Samahani, mimi nitasema wanachoogopa wengine. Hii nchi ajali za malori hazituishi, halafu tunashangilia mtu mwenye matatizo ya akili apewe tani 50 ashuke nazo Kitonga? Akipagawa mlimani, wale walioko kwenye Coaster mbele yake wamekosa nini?

#6 Gia ya Nne

Bwana Pingamizi, nimeendesha tangu 1994, sasa nimestaafu nafuga kuku. Madereva niliowazika ni wengi, nawahesabu kwa majina. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na usonji. Walikuwa na usingizi, haraka ya tajiri, na vichupa mfukoni. Na wengine walikuwa wanashuka frii, gia imetolewa, ili mafuta yabaki wauze. Kijana anayeandika alama za barabarani kwenye daftari nampa gari langu na funguo za banda la kuku.

Mwenye uzi lakini jibu swali lake, ni la haki.

#7 TelaTupu

Ni la haki kweli. Kwanza nirekebishe kidogo: usonji si ugonjwa wa akili, na wala si kitu kilichokuja kikaniingia. Ndivyo ubongo ulivyofungwa tangu tumboni. Tunatofautiana sana, wapo ambao kuendesha hata baiskeli hakufai, na wapo wanaorusha ndege. Mimi naweza kusema habari zangu tu.

Kupagawa, kama ulivyokuita, kumenipata kazini mara moja kwa uzito wake. Nitaeleza yote.

Mwaka wa pili nikiwa dereva. Narudi na shaba kutoka Lubumbashi, nimetoka Iringa jioni, naanza kushuka Kitonga giza limeingia. Katikati ya kona lori moja limekata propela, limeziba. Nyuma yangu mabasi. Honi. Taa nyeupe kali za magari mapya zinaingia kwenye vioo vyote viwili. Vijana wanagonga mlango wangu, huyu anasema rudi nyuma, huyu sogea, huyu anataka hela ya kuongoza. Simu ya bosi inaita, nikahesabu mara saba. Nilikuwa nimepanga kula Ruaha Mbuyuni saa 2, na saa 2 ilikuwa imepita.

Mwili wangu una dalili. Midomo inakufa ganzi, halafu sauti zote zinakuwa na ukubwa mmoja: honi, kijana anayegonga, hata saa ya dashibodi. Baada ya hapo maneno yanatoka kichwani, siwezi kusema hata jina langu. Dalili ya kwanza ilipokuja nilikuwa nimeshasimama. Nikavuta hendibreki, nikazima mashine, nikagonga dashibodi mara mbili. Utingo wangu anajua mara mbili maana yake nini, tulikubaliana Dar kabla ya safari ya kwanza: yeye anashuka kuweka magogo kwenye matairi, anazungumza na watu, mimi naachwa. Nikapanda kitanda cha nyuma, pazia, vizibo vya masikio. Dakika 40. Nilipotoka lile lori lilikuwa limevutwa pembeni. Tukashuka gia ya chini hadi bonde lote, nikala wali maharage yangu saa 5 usiku, nikalala palepale, bosi akakasirika.

Haijanitokea hata mara moja gari likiwa linakwenda. Haitokei kama radi, inakuja kwa hatua, na mimi sheria yangu ni hatua ya kwanza, siyo ya tatu. Hiyo ndiyo dalili yangu. Wewe yako ya kusinzia unaijua? Unaegesha ya ngapi? Siulizi kwa kejeli, nataka kujua kweli, maana wengi nimewauliza wanasema "nilijikaza".

Gari likiwa linakwenda ndipo ninapopumzika. Mlio wa mashine haubadiliki bila sababu. Nje ya vijiji mwendo wetu ni 80, kwenye makazi 50, mimi nakaa 76. Mtu wa ofisini anayeangalia ramani ya magari aliwahi kupiga akidhani kifaa chetu kimeharibika kwa sababu mstari wangu umenyooka mno.

#8 Jirani wa Mariakani

Salamu kutoka pande hizi za Kenya. Hiyo ya kushuka frii mzee Gia ya Nne amesema ukweli, sisi Salgaa imetumaliza miaka mingi kwa ujinga huo huo. Mimi nafanya Mombasa – Malaba. Swali langu ni lingine: brathe, wewe husema ukweli sana vile naona. Kwa barabara yetu hii, na wale watu wa barabara, unaponea aje?

#9 TelaTupu

Jirani, hapo umegusa jipu lenyewe. Lori halijawahi kunishinda. Wanaonishinda ni watu wanaozunguka lori.

Kizuizi kimoja, sitakitaja, jamaa aliniambia huku anakagua karatasi kwa mara ya nne: "Dereva, jua kali leo." Nikaangalia dashibodi nikamwambia, ndiyo, nyuzi 34. Akasema, "Koo limekauka." Nikampa maji yangu, chupa haijafunguliwa. Akaniangalia muda mrefu. Akasema, "Nenda." Utingo alicheka kutoka hapo hadi Mikumi, na kule mbugani ndiyo akanieleza jua kali maana yake nini. Nikaiandika. Lakini nikagundua kutoelewa kumeniponya, kwa hiyo hadi leo nikiambiwa jua kali nasoma nyuzi. Karatasi zangu zote ziko kwenye faili kwa mpangilio, hakuna pa kushika, na mtu anachoka mwenyewe.

Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, ni shule nyingine. Kule kila mtu ni "shefu", kila mtu ana haraka na kila kitu kinaweza kubadilika baada ya chakula cha mchana. Kiswahili chao nakipenda, lakini mara ya kwanza nilikaa ndani ya gari siku mbili bila kushuka kwa sababu sikujua nani ni wakala, nani ni mpita njia, nani anachungulia tangi la dizeli. Sasa nina picha ya wakala wetu kwenye simu, jina lake, na saa anayofika. Asiyekuwa huyo, mlango haufunguki.

Sasa bosi. Bosi wangu wa kwanza alikuwa mtu wa "kesho asubuhi uondoke". Asubuhi ni saa ngapi? Nilifika yadi saa 11 alfajiri, mzigo ukaja saa 8 mchana, na hayo masaa tisa ya kutojua yalinichosha kuliko Dar hadi Makambako. "Utapewa mileji ukifika", yaani hela ya safari – kiasi gani? "Tutaongea." Nilivumilia miezi sita, halafu nikatengeneza fomu. Fupi, inaingia kwenye ujumbe mmoja: saa ya kufika yadi, saa ya kupakia, namba ya kontena, uzito, anayepokea na simu yake, mileji na siku ya kulipwa, nani nimpigie jambo likibadilika. Nikamtumia nikamwomba ajaze. Alidhani namtega kisheria. Lakini baada ya mwezi madereva wengine wawili wakaniomba fomu, na hawa hawana usonji, wamechoka tu.

Kilichombadilisha bosi ni mizani. Gari letu ni ekseli sita: ya usukani ikomee tani 8, mbili za nyuma ya kichwa 18, tatu za tela 24, jumla 50. Siku hiyo tunapakia mifuko, makuli wanarundika mbele ili wasitembee. Nikasema nyuma ya kichwa itazidi. Wakacheka, meneja wa yadi akasema jumla ni tani 48, acha woga. Nikachora nikamwonyesha, akakataa kuangalia. Mizani ya Vigwaza ikasoma 19.6 pale panapotakiwa 18. Jumla safi kabisa, na hata ukiongeza ile asilimia 5 ya msamaha wa ekseli bado imezidi. Mzigo ukashushwa, ukapangwa upya, siku ikaenda. Tangu hapo gari halifungwi turubai mpaka nimezunguka. Sijawahi kuambiwa samahani na meneja, ila siku hizi kuli mkuu akiniona anachukua kijiti ananipa nichore.

Wengi mnaniuliza kama nimewaambia ofisini. Babu aliambiwa, utingo wangu anajua, bosi wa sasa nilimwambia baada ya mwaka. Alinyamaza, akauliza, "Kwa hiyo ndiyo maana ya ile fomu?" Yakaishia hapo. Siwezi kumshauri kila mtu aseme. Ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inakataza ubaguzi kazini, na inamtaka mwajiri mwenye watu 20 na kuendelea awe na asilimia 3 ya wafanyakazi wenye ulemavu. Lakini tajiri mwenye semi tatu na shemeji yake kwenye simu hafiki watu 20, na hajaisoma. Mtu wa kumwambia kabla ya wote ni yule mtakayekaa naye kwenye kibini.

#10 Mpemba wa Leicester

Assalaam aleikum wanajukwaa. Mie nipo huku Uingereza, natia kontena kutoka bandarini Felixstowe. Nami nimeambiwa nna usonji nikiwa na miaka 41, baada ya mke kuchoka kuniuliza kwa nini siwaangalii wageni usoni.

Huku mambo yameandikwa, na ndo raha yake kwa watu wa namna yetu. Unakwenda kwa daktari akujazie fomu ya afya, kisha nadharia: masuali 100, upate 85, na video za hatari ambapo 67 kwa 100 ndo kupasi. Ukihitaji muda zaidi kwenye nadharia kwa hali yako, unaomba unapewa. Kuhusu kuwaambia wale wa leseni, 2019 walitutia kiwewe: waliandika kila mwenye usonji lazma ajitangaze, watu wakapiga kelele, wakarejesha maneno ya zamani, kwamba unawaambia ikiwa hali yako inagusa uendeshaji wako.

Kipenzi changu ni ile mashine ya kurekodi masaa. Ukiendesha saa nne na nusu, unapumzika dakika 45, basi. Siku ni saa 9, mara mbili kwa wiki unaweza kufika 10. Bosi hawezi kusema "jikaze", mashine haimjui bosi. Ndugu yangu TelaTupu, hiyo fomu yako ingekuwa sheria kwenu, mngelala.

Lakini msidhani huku ni pepo. Maghala yao taa nyeupe, watu wanaita kwa vipaza sauti, na mwendo wetu umefungwa usizidi 90 huku kila gari dogo limekughadhibikia. Siku za mwanzo nikirudi nyumbani nakaa kwenye ngazi gizani nusu saa ndo niweze kusema na watoto. Wanangu wameshazoea. Yule mdogo hunipitia na kikombe cha chai, hakiweki mkononi mwangu, hukiweka chini, huenda zake.

#11 TelaTupu

Mpemba, huyo mdogo wako ana akili. Mimi na utingo wangu hatuongei kuanzia Chalinze hadi Morogoro, ndiyo makubaliano. Morogoro anaruhusiwa redio.

Masaa ya kuendesha nimeyachukua kwenu bila kuambiwa na mtu. Siku hizi usiku sitembei, labda nikiwa nimekwama. Vituo vyangu havibadiliki. Bosi anasema wenzangu wananitangulia siku moja hadi mpakani. Nikamwambia mpakani wote tunakutana kwenye foleni hii hii. Ninavyoandika hapa, aliyenitangulia yuko magari 11 mbele yangu.

#12 Mama Wawili

Sasa nasema. Kijana wangu ana miaka 19, ana usonji, maneno ni machache. Anapenda malori mpaka anaota. Tunaishi Morogoro, kila siku yuko barabarani kuyaangalia, na majirani wanasema anazurura. Mwenye uzi, kwa moyo wako wote, ataweza?

#13 TelaTupu

Dada, sijui, na atakayekwambia anajua bila kumwona anakudanganya.

Nikuulize. Je, amewahi kuanguka kifafa, au kuganda macho sekunde kadhaa asisikie akiitwa? Kifafa kinawapata watu wenye usonji kuliko wengine, na kama kipo, usukani tuuweke pembeni kwanza mpaka daktari aseme. Je, akishtuliwa na honi anaganda, anakimbia, au anageuka kuangalia? Je, anaweza kukwambia "nimechoka", hata kwa ishara? Hii ya mwisho kwangu ni kubwa kuliko hesabu na kuliko kusoma. Asiyeweza kusema nimechoka asiendeshe, awe na usonji au hana.

Pili, lori si usukani tu. Lina matairi, umeme, kupaka grisi, kubana nati, kupanga mzigo, kuandika linaloingia na linalotoka. Mimi miaka miwili ya utingo niliipenda kuliko unavyofikiri, na kama ningeishia pale nisingejiona nimefeli. Mtafutie yadi au gereji yenye fundi mpole, aanze kwa saa mbili, kazi moja, ileile kila siku. Usimwombee kazi ya huruma. Mwombee kazi yenye mwanzo na mwisho.

Na hapo barabarani anapokaa, mpe kauntabuku.

#14 Bwana Pingamizi

Nimesoma zote. Bado nina hofu yangu, siifichi. Ila lile swali la naegesha dalili ya ngapi limenikaa vibaya. Mimi ninaendesha Noah, Dar – Dodoma kila wiki. Sijawahi kuegesha.

#15 Gia ya Nne

Anza kesho.

Mama Wawili, mimi niko Morogoro, njia ya Kihonda. Mdogo wangu ana gereji ya malori, mafundi watano, hakuna matusi pale kwa sababu mama yetu anakaa dirishani. Nimempigia sasa hivi. Anasema mlete kijana Jumatatu, aanze na kugonga matairi. Nakutumia namba faragha.

#16 Mama Wawili

Mungu akubariki baba. Nakuja naye mimi mwenyewe. Tuje asubuhi?

#17 Gia ya Nne

Ndiyo, asubuhi asubuhi tu.

#18 TelaTupu

Mzee, saa ngapi?

#19 Gia ya Nne

Hahaha. Saa 2 na nusu. Mlango wa kijani, mkono wa kulia. Atakayempokea ni mdogo wangu, amevaa kofia nyekundu, nitamwambia asiivue.

#20 TelaTupu

Asante. Dada, mwambie hivyo hivyo neno kwa neno, leo, na kesho tena. Foleni imesogea, nawasha.